Ukingo wa Jiwe la Jikoni

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini nilipojua kwamba jiwe la jikoni lina ukingo, na kwamba ukingo huo mtu anauchagua. Kabla ya hapo nilidhani jiwe linakatwa, linawekwa, basi. Fundi ndiye aliyeniuliza. Alikuwa amekuja kupima jiko la nyumba yetu mpya pale Singida mjini. Alimaliza kupima, akaandika vipimo kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha boksi, akanitazama.

"Na ukingo, mama? Unataka ukingo gani?"

Nikamjibu nataka ukingo wa kawaida. Akasema wa kawaida haupo.

Nyumba ile ilitokana na alizeti. Mume wangu alikuwa mtunza stoo katika shirika moja la umma, na mashirika yalipoanza kufungwa na kuuzwa, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Alirudi nyumbani na barua moja na redio aliyokuwa akiisikiliza stoo, akakaa barazani karibu mwaka mzima. Mimi wakati huo nilikuwa nauza mafuta ya alizeti kwa chupa, yale yanayokamuliwa kwa mkono. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza alichoweza, tulichukua mashine ndogo ya kukamulia, tukaiweka kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya kupanga. Wakulima walileta magunia kutoka Ikungi, Ulemo, hata Shelui. Mume wangu akaacha redio akashika mashine. Miaka ikapita namna hiyo, tukapata kiwanja, tukajenga.

Maisha yangu yote nilikuwa nimepika nje, kwenye jiko la udongo, nimechuchumaa, moshi machoni. Nilitaka nipike nimesimama, ndani ya nyumba, mbele ya jiwe. Hili la jiwe nililiona Dar es Salaam, nilipokwenda kutafuta kipuri cha mashine nikafikia kwa ndugu mmoja wa mume wangu aliyekuwa na nafasi. Jikoni kwake palikuwa na jiwe jeusi linalong'aa, na ukingo wake haukuwa umenyooka. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kama wimbi. Mwenyeji wangu alikuwa akinieleza habari za familia na mimi nilisikia nusu tu, maana kidole changu kilikuwa kwenye ule ukingo, kinakwenda na kurudi. Nilijiuliza wameukunja vipi. Nilidhani kweli jiwe limekunjwa.

Niliporudi na kutangaza kwamba nitaweka granaiti jikoni, watu walicheka. Singida ni mji wa mawe. Yako uani kwa watu, makubwa kuliko nyumba, mbuzi wanalala juu yake. Jirani yangu alisimama mlangoni akaniambia, "Unanunua jiwe Singida? Mwakani utanunua upepo." Na upepo wa Singida kila mtu anaujua.

Swali lake lilinikaa kichwani, nikalipeleka kwa fundi. Kwa nini tusikate haya yetu? Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, Mgogo, mtu wa maneno machache, lakini ukimuuliza jambo la mawe alikuwa hakai kimya. Akanieleza kwamba mawe yetu ni mazuri, tena ni magumu kuliko mengi, ila yanahitaji msumeno mkubwa wa kuyachana vipande vyembamba kama mkate, na msumeno huo huku haupo. Hivyo jiwe linakuja na lori kutoka Dar, limeshachanwa, na kabla ya Dar limevuka bahari. Nikamuuliza limetoka nchi gani. Akasema mgongoni huwa limeandikwa, lakini kwa herufi ambazo hajawahi kukutana na mtu wa kumsomea.

Wiki iliyofuata alikuja na baiskeli, nyuma kafunga kiroba. Akakifungulia barazani na kupanga vipande vitano vya mawe juu ya mkeka, kila kimoja na ukingo wake, ili nishike na kuchagua.

Siku hiyo mama mkwe wangu alikuwepo. Alikuwa ameletwa kutoka Ulemo siku tatu kabla, aonwe macho hospitali ya mkoa, maana ukungu ulikuwa umeanza kumfunika na alikuwa anatambua watu kwa sauti. Tulikuwa tumeishi kwa heshima kwa miaka kumi na minane, mimi na yeye, na kwa kweli hatukuwa tunajuana. Yeye Mnyiramba, mimi Mnyaturu. Akiwa na mwanawe alizungumza Kinyiramba, na mimi nilishika neno moja nikiacha mawili. Akinijia nyumbani alikula nilichopika, akashukuru, lakini kwanza alikionja kwa ncha ya ulimi.

Fundi alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, kisha akauliza ni nini kile kinachogonga sakafu. Nikamwambia ni mawe ya jikoni, nachagua ukingo. Nilitegemea acheke kama wengine. Badala yake akasogea mkekani akanyoosha mikono.

"Niletee," akasema.

Fundi akampa kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa kimekatwa kikanyooka, kona kali. Cha pili kona yake imefyekwa kwa mshazari. Cha tatu kimeviringishwa upande wa juu tu, na cha nne kimeviringishwa juu na chini, kama mgongo wa mwiko. Mama mkwe alivipapasa taratibu. Mwanamke yule alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia tangu akiwa msichana mpaka mashine za kusaga zilipofika kijijini, na mimi sikuwa nimefikiri kwamba hilo lina uhusiano wowote na jiko langu. Alimuuliza fundi jiwe hili linalika haraka au polepole. Akamuuliza linakunywa mafuta. Fundi akasema linakunywa kidogo, inabidi kulipaka dawa, na nikaona anamtazama kwa makini zaidi kuliko alivyonitazama mimi.

Kisha akaomba maji. Nikamletea kikombe nikidhani ana kiu. Akamwambia fundi ashike kile cha mviringo kamili, kikae sawa kama kitakavyokaa jikoni, akamimina maji juu yake. Maji yalifika ukingoni, na badala ya kuanguka yakaufuata ule mviringo, yakazunguka, yakaingia chini ya jiwe, yakatembea tumboni mwake mpaka mkononi kwa fundi na kulowesha mkono wa shati.

"Hili litaozesha mbao za kabati," akasema.

Fundi akakubali. Akasema ndivyo lilivyo, ila wateja wengi hawaulizi, wao wanatazama picha. Akatuonyesha dawa yake: unachora mfereji mwembamba chini ya jiwe, nyuma kidogo ya ukingo, maji yakifika pale yanakatika na kudondoka. Mimi nikataka kuona. Tukamimina tena na tena, kwenye kila kipande, mpaka baraza likalowa lote na mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango na redio yake, akauliza kama tunafua.

Mama mkwe hakumaliza hapo. Akasimama, akamwambia fundi ashikilie kile cha kona kali usawa wa kiuno, akakiegemea kwa tumbo na kuvuta mikono kama anayesonga ugali. Akarudi nyuma. "Mpishi anaegemea," akasema. "Hili litamkata." Fundi akaongeza kwamba kona kali ikigongwa na sufuria inamenyeka pia, na jiwe likimenyeka halishonwi. Nikamuuliza mama mkwe sasa yeye angechagua lipi. Akafikiri, akasema yeye angechagua lililonyooka, maji yaanguke, lakini kona iondolewe ukali, iwe kama mche wa sabuni uliofulia nguo siku mbili.

Fundi akacheka kidogo. Akasema kwa miaka yote hajawahi kuelezwa ukingo vizuri hivyo.

Lakini mimi bado moyo wangu ulikuwa Dar es Salaam. Kipande cha tano kilikuwa kimebaki mkekani, na ndicho nilichokuwa nakiwinda tangu kiroba kifunguliwe. Kilikuwa cha wimbi. Nikakichukua mwenyewe nikamwekea mikononi.

"Na hili, Mama?"

Akakipitishia kidole gumba. Kidole kikapanda, kikashuka kwenye bonde, kikapanda tena. Akarudia. Akakigeuza, akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika ukingo wa kitanda, akatulia hivyo muda mrefu. Nilijua nimeshinda, nikadhani amelipenda.

"Hili ni la kaburi," akasema.

Fundi aliinamisha kichwa. Ikabidi aseme. Alisema ni kweli, kile kipande kilikuwa kimebaki kwenye kazi ya kaburi, na ukingo ule ndio wa kwanza kufundishwa katika maisha yake. Alianzia kwenye makaburi. Majiko ni mambo ya juzi tu, tangu watu walipoanza kujenga. Ukingo ni uleule, alisema, jiwe halijui linakwenda wapi.

Mama mkwe akamuuliza alijifunzia wapi.

"Kilimatinde, mama. Misheni."

"Na makaburi ya pale bado yapo?"

"Yapo."

Akakiweka kile kipande mapajani. "Nina mtoto pale," akasema.

Mume wangu akazima redio. Yeye alijua kwamba kabla yake alizaliwa msichana akafa. Nyumbani kwao alitajwa kama yule wa kwanza, si zaidi ya hapo, na mume wangu siku zote aliamini amezikwa Ulemo, nyuma ya nyumba, pamoja na watu wao wengine. Alikuwa amewahi kupalilia pale akiwa kijana, akiamini anapalilia na kaburi la dada yake.

Alichotueleza alikieleza kwa Kiswahili, si Kinyiramba. Baba mkwe wangu katika ujana wake alikuwa kibarua wa reli Manyoni, na yeye alimfuata huko akiwa mke mpya. Mtoto alizaliwa huko. Alipofika miaka minne akashikwa na homa, na mama akambeba mgongoni akapanda naye kilima kwa miguu mpaka hospitali ya misheni. Walimpokea vizuri, alisema, walihangaika naye siku tatu. Alikufa asubuhi akazikwa jioni ileile, maana hapakuwa na gari la kumrudisha kwao Iramba na wakati ulikuwa wa joto. Wakati wanazika miguu yake ilikataa. Akakaa kwenye jiwe la kaburi la jirani. Mtu mmoja akamwambia si adabu kukalia kaburi la mwenzake, lakini hakuweza kunyanyuka, akaushika ukingo wa lile jiwe kwa mikono yote miwili mpaka walipomaliza kufukia.

Mwaka uliofuata kazi ya reli ikaisha, wakarudi Ulemo. Wakazaliwa watoto wengine. Baba mkwe hakutaka habari ile itajwe, naye hakuitaja. Mzee alipofariki, yeye alikuwa ameshazoea kunyamaza.

"Sura yake imenipotea," akasema. "Lakini hili nalikumbuka."

Fundi ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama anayeuliza vipimo: lile jiwe lilikuwa jeupe au la kijivu? Akasema la kijivu. Lilikuwa refu? Ndiyo, refu. Fundi akahesabu kitu kichwani. Akasema mawe ya ukingo ule aliyochonga yeye yako upande wa chini, ni ya baadaye. Enzi anazozisema mama yalikuwepo mawili tu, yote yamechongwa na mzungu wa misheni aliyemfundisha kazi, nayo yako safu ya juu karibu na ukuta. Yeye mwenyewe aliwahi kuyasafisha kwa brashi akiwa mwanafunzi.

Kipande kile cha wimbi fundi alikirudisha kwenye kiroba bila kuniuliza. Mimi si mtu wa kuamini kisirani cha vitu, lakini hamu ilikuwa imeniisha. Nikamwambia achonge kama sabuni.

Jiwe lilifika baada ya wiki mbili. Wanaume sita walilishusha, wamelisimamisha wima kama kioo cha dirisha. Nikamuuliza fundi kwa nini wasilibebe limelala, ingekuwa rahisi kulishika. Akasema jiwe likilala juu ya mikono linavunjwa na uzito wake lenyewe. Likisimama, linajibeba. Nilishangaa siku nzima juu ya hilo, kitu kigumu vile kuvunjwa na kulala.

Alilikatia uani juu ya mbao, kwa grainda, huku chupa ya maji yenye tundu ikidondosha juu ya diski ili jiwe lisipate moto. Uji mweupe ukatiririka mpaka kwenye bustani yangu ya mchicha. Mimi sikuondoka pale. Nilitaka kuona lini ukingo unatokea. Ulitokea polepole, kwa msasa wa kwanza, wa pili, mpaka sikumbuki wa ngapi, na kila mara fundi akifuta kwa kitambaa nilidhani amemaliza, naye anachukua msasa mwingine laini zaidi. Mama mkwe alikaa kivulini kwenye kigoda akisikiliza. Alikuwa anajua kwa sauti fundi amebadilisha msasa.

Siku ya pili akatoboa mahali pa sinki. Kipande cha katikati kiliachia kikaangukia kwenye mchanga aliouandaa, kizima, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani mpaka vidoleni. Fundi akasema kipande kile ni mali ya mwenye nyumba, wengi wanakifanya cha kusukumia chapati. Nikasema hapohapo kwamba mimi pia. Nilikuwa nimeshakiona kipo juu ya meza, kimepakwa unga.

"Hicho kilichoanguka kinabaki?" mama mkwe akauliza kutoka kivulini.

Nikamwambia kinabaki, nitasukumia chapati.

"Basi sawa," akasema.

Nilikuwa ninaosha vyombo vya mchana nilipoelewa. Sahani ilikuwa mkononi. Mwanamke yule katika miaka kumi na minane hakuwahi kuniomba kitu, hata chumvi, na pale alikuwa ameomba, na mimi nikamjibu chapati. Niliona haya kiasi kwamba sikutoka jikoni mpaka fundi alipokuja kuaga.

Asubuhi nilimkuta ameegemea ukuta anaota jua. Nikakaa chini karibu naye.

"Mama, kile kipande cha jiwe."

"Umeshasema ni cha chapati."

"Chapati nina kibao. Nimekitumia miaka yote."

Kuku wangu mmoja alipita akamdonoa kwenye kidole cha mguu, akamfukuza. Kisha akasema, "Fundi amwekee mtoto ukingo kama wa jikoni. Si ule mwingine. Ni jiwe moja."

Fundi alikichonga hivyo, akauliza kiandikwe nini. Mama mkwe hakujua mwaka wa kuzaliwa wala wa kufa, alijua tu kwamba alizaliwa wakati wa palizi. Kwa hiyo liliandikwa jina peke yake. Siku ile ndiyo mimi na mume wangu tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Fundi alilirudia mara mbili ili asikosee herufi, na mume wangu akanyanyuka akaenda kusimama uani peke yake.

Jiko lilikamilika wiki hiyohiyo. Ugali wa kwanza aliusonga mama mkwe, kwa kuwa alitaka, na alipomaliza aliegemea jiwe kwa tumbo akapitisha kiganja kwenye ukingo kutoka sinki mpaka ukutani. Akamwaga kikombe cha maji juu. Yakafika ukingoni, yakadondoka sakafuni. Akaniambia nipige deki, akaenda kukaa.

Jumamosi tukaenda Kilimatinde kwa pikapu ya magunia, mume wangu akiendesha, mama mkwe katikati, mimi dirishani. Fundi alikaa nyuma na jiwe, amelifunga kwa blanketi na kulisimamisha wima katikati ya magunia mawili ya mashudu ya alizeti. Barabara ya Manyoni wakati ule ilikuwa ya vumbi tupu na mashimo, tukafika tumekuwa wekundu. Kwenye kila daraja mama mkwe aliuliza tumefika wapi, na kila alipotajiwa mahali alisema hapajui. Hata kilima chenyewe, tulipoanza kukipanda, alisema hakijui, alipokipanda yeye kilikuwa kirefu zaidi.

Mlinzi wa makaburi alimtambua fundi, akatufungulia. Safu ya juu ilikuwa na nyasi zilizofika magotini. Yale mawe mawili yalikuwepo kama alivyosema, ya kijivu, marefu, yameachana hatua kumi na tano au ishirini, maandishi yameshaliwa na mvua. Mume wangu alimshika mama yake mkono akampeleka kwenye la kwanza. Mama mkwe akainama, akapapasa ukingo, akafika kwenye pembe. Akaomba apelekwe kwenye la pili. Akapapasa, akakaa juu yake, akaweka mikono miwili kila upande wa mapaja yake. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa jua.

Nilimsogelea fundi nikamuuliza kwa sauti ya chini kama yale mawili yana tofauti yoyote. Akaniambia hayana. Yametoka mkono mmoja, na mzungu yule alikuwa mtu wa kupima.

Mama mkwe akauliza akiwa amekaa pale mbele yake kunaonekana nini. Mume wangu akamweleza: paa la hospitali, na pembeni jengo la jiko la wagonjwa, linatoa moshi. Akauliza na kwenye lile jingine kunaonekana nini. Mume wangu akaenda, akakaa, akarudi. Akasema kule kuna nyumba imeziba. Ilikuwa nyumba ya matofali, na ni wazi haikuwepo siku zile, sote tuliona, ila hakuna aliyesema.

"Nilikuwa naona moshi," akasema. "Ni hapa. Upande wa kushoto."

Sijui kama alikuwa na uhakika. Nimejiuliza mara nyingi, na mume wangu naye, ingawa hatujawahi kuulizana kwa sauti. Upande wa kushoto palikuwa na nyasi na kichaka kidogo, ardhi sawa kabisa. Mume wangu alifyeka, akachimba kidogo, fundi akachanganya saruji na kusimamisha jiwe. Lilikuwa dogo na jipya mno kati ya yale ya zamani, linang'aa. Mama mkwe alilishika ukingo juu, akashuka nao upande mmoja, kisha upande wa pili. Akasali kwa Kinyiramba, sala fupi. Tukaimba ubeti mmoja, na mlinzi akatusaidia sauti ya chini. Fundi alibaki Kilimatinde kwa ndugu zake.

Tulirudi watatu. Tulipita Manyoni. Mume wangu si mtu wa kuuliza. Katika nyumba yetu anayeuliza ni mimi. Lakini tulipoiacha reli nyuma alisafisha koo.

"Mama, nilifanana naye?"

"Masikio tu," akasema. "Yeye alikuwa na maneno mengi. Wewe ulichelewa kusema mpaka tukakupeleka kwa waganga."

Nikacheka kabla sijajizuia, na mama mkwe akacheka. Nikamuuliza alikuwa akisema nini, huyo wa maneno mengi. Akasema alikuwa anahesabu mabehewa ya treni, na akifika kumi anaanza upya kwa kuwa hakujua kinachofuata. Nikauliza alipenda kula nini. Karanga mbichi, ziwe na udongo. Nikauliza alikuwa analala upande gani, alimwogopa nani, alimwitaje baba yake. Yote alijibu, na alipokosa neno la Kiswahili alilisema kwa Kinyiramba na mume wangu akanitafsiria huku anakwepa mashimo. Tulipoingia mjini taa za maduka zilikuwa zimeanza kuwashwa, na mama mkwe alikuwa bado anasimulia jinsi mtoto yule alivyowahi kupanda kwenye behewa la mizigo pale stesheni, akakutwa amekaa juu ya gunia la chumvi, anamsubiri dereva wa treni aanze safari.